Nusu Yangu ya Picha

Jumapili, 26 Oktoba 2025

Nzigire, marehemu mke wangu, alinitii miaka yote ya ndoa. Bon — uongo. Nilimwambia Jumatatu, akafanya Alhamisi, tena kitu kingine.

Nimemkumbuka kwa sababu ya mkwe wangu Araceli, Mmeksiko, mke wa mwanangu Eliezer. Ametandaza meza sebuleni kwetu, hapa Louisville. Kwao, mwanzo wa Novemba wafu wanarudi nyumbani kusalimia. Anawawekea picha, mishumaa, maua ya njano, mkate, chakula walichopenda. Bibi yake yuko pale tayari, ananikodolea macho kama polisi wa mpakani.

Ameuliza, Eliezer akitafsiri: Mama alipenda nini? Nikasema sambaza, wale dagaa wa ziwa la kwetu, na bia. Sambaza ni kweli.

Jumanne, 28 Oktoba

Shida! Picha ya Nzigire ni moja tu duniani. Nyingine zilibaki Bukavu tulipokimbia. Nayo iko Buffalo, mtaa wa Riverside, kwa binti yangu Josiane. Nimempigia. Mara moja, sauti ya kanisani: "Papa, Biblia inakataza kuongea na wafu!" Nikamwuliza, na mama yako akiwa hai, uliwahi kuona napewa nafasi ya kuongea? Hakucheka. Shetani, shetani. Mkate na maua — shetani yuko wapi? Amekata simu.

Eliezer ananiuliza kama ni presha. Presha ni nyinyi!

Kaburi lake liko kambi ya wakimbizi, Nakivale. Hakuna mtu wetu aliyebaki kule wa kung'oa majani. Hilo sikumwambia Josiane. Mdomo wangu unakimbilia utani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Josiane amekubali nusu. Picha ataleta, lakini hakanyagi nyumba yenye meza ile. Donc, tukutane Jumamosi Columbus, katikati ya njia, mtaa wa Clintonville, kwa mdogo wangu Byamungu. Kama wachuuzi wa dhahabu!

Nikamwuliza nani amembadilisha. Akasema: "Papa, mimi pia najiuliza nani anapalilia kaburi la Mama kule."

Kumbe.

Jumamosi, 1 Novemba

Columbus kwenda na kurudi Louisville, siku moja. Mgongo umekuwa ubao. Byamungu ametupa chai akajificha jikoni — mzee mzima anamwogopa Josiane! Josiane ametoa picha ndani ya kitenge, akaiombea. Maombi marefu, chai ikapoa. Halafu chinichini: hizo sambaza ni za kweli, au samaki wa hapa tu? "Msiweke chumvi nyingi. Mama hakupenda." Meza haitaki, lakini jikoni anatoa amri!

Nikamwambia twende wote. Akafunga mkanda wa gari lake, akarudi Buffalo.

Jumapili, 2 Novemba

Wazimu. Mishumaa inawaka, sambaza ziko tayari, Araceli ameangalia picha akashika kichwa. Tuko wawili! Studio ya Kadutu, kwetu Bukavu, Nzigire amekaa, mimi nimesimama na koti la kuazima. Kwao mtu aliye hai hawekwi pale. Ni kumwita afe. Nikasema mimi naitwa kila asubuhi na magoti haya. Hakuna aliyecheka.

Akaleta mkasi. Mkasi! Nimekumbatia picha kama mtoto mchanga.

Eliezer: "Papa, nipige kopi na simu, nikutoe." Nimekataa. Nzigire hajaona simu za kugusa, atajijuaje? Hii aliishika kwa mkono wake. Hii ataijua.

Bon. Nimekubali kukunjwa. Nimejikunja mwenyewe, polepole, nikaenda nyuma. Koti limekwenda, kichwa kimekwenda. Nzigire amebaki peke yake, anacheka — na juu ya bega lake, mkono wangu. Nikikunja zaidi, nakunja shavu lake.

Araceli anaonyesha vidole vile. Ni vya mtu hai. Si ukali, macho yake yana maji. Eliezer anasema anaogopa kunizika. Ameweka bibi yake sawa, ameweka mkate sawa, sasa amesimama mbele ya nafasi tupu katikati ya maua, ananisubiri. Nimesema ngojeni kwanza. Naandika, Eliezer atamsomea:

Araceli, mkwe wangu, asubuhi nimekuchambulia maua ndoo nzima, vidole vinanuka mpaka sasa. Ulisema kwa kazi hiyo niombe ninachotaka. Sitaki kingi. Uso chukua, koti chukua. Mkono niachie.