Gari Lako Limeoshwa, Aba

Aba,

Salaam aleikum, baba yangu. Siku ya mazishi wanaume walikupeleka, mimi nikabaki nyumbani napika chai ya waombolezaji, kwa hiyo sikukuaga. Sasa nimekaa chumbani kwako naandika. Guyo, mwanao mkubwa, atakuja Ijumaa baada ya sala, pamoja na wazee, kulichukua gari lako akaliweke kwenye kabati la kioo, dukani kwake pale anapouza dawa za mifugo. Kabla hajafika, nina maneno na wewe. Mengine hayatakupendeza.

Kwanza habari. Gari limeoshwa.

Ndiyo, lile dogo la kuunda, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, mfano wa lile la serikali uliloendesha hadi ukastaafu. Lile ulilotumiwa likiwa vipandevipande na daktari wa mifugo uliyekuwa ukimpelekea chanjo porini. Siku ya pili baada ya mazishi Guyo aliliona mezani akashtuka. "Wazee wanakuja na gari ya Aba iko na matope hivi? Ni aibu." Akachukua maji ya moto, sabuni ya unga na mswaki. Nilipotoka jikoni nilimkuta anasuuza magurudumu, na karai limejaa maji mekundu. Kazi yangu ya miezi minane, Aba, ikamwagwa nyuma ya choo.

Simlaumu sana. Kwetu gari la mtu huoshwa kabla wageni hawajafika. Angejuaje kwamba yale matope ndiyo kazi yenyewe? Hakuna aliyemwambia. Wewe hukumwambia.

Unakumbuka ulivyokuwa mkali? Tulipomaliza kuliunganisha liling'aa kijani mpaka linaudhi. Ukalitazama, ukakunja uso, ukasema, "Hii gari haijatoka Isiolo hata siku moja." Wakati huo mikono yako ilikuwa inatetemeka, kikombe cha chai hukifikishi mdomoni bila kumwaga, sembuse kupitisha waya kwenye tundu la sindano. Ukaniita mimi, kwa sababu nawachora maharusi hina na mkono wangu hautikisiki.

Nikafanya. Nyaya za plagi za injini nilizitoa kwenye chaja mbovu ya simu. Kwa ajili ya kutu nililoweka sufu ya chuma kwenye siki hadi ikageuka rangi, nikaipaka kwenye bawaba kwa kijiti cha meno. Kiti chako nilikipasua kwa wembe palepale kilipopasuka cha kweli, kisha nikakishona kwa unywele wangu. Halafu vumbi. Ulimwagiza dereva wa lori la ng'ombe vumbi la njia zako za zamani, la Oldonyiro, akalileta kwenye chupa ya maji, na la Garbatulla kwenye chupa nyingine. Nikayachekecha kwa shela kuukuu, nikayachanganya na gundi nyeupe niliyoizimua, nikayapiga kidogo kidogo kwa brashi. Wewe umelala pale unaamrisha. "Ongeza nyuma. Vumbi inakaa nyuma." "Hapo toa, hapo kiwiko yangu ilikuwa inapangusa." Nikakwangua rangi ya mlango wako hadi bati likaonekana, pale kiwiko chako kilipolalia dirisha miaka yote ile.

Ilikuwa raha, Aba. Nasema kweli, ilikuwa raha.

Kisha wageni wakija unawanyooshea mikono ileile inayomwaga chai. "Nimeunda mwenyewe, na mikono yangu hii." Nao wanasema mashallah, na mimi nimesimama mlangoni na sinia. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano nilirudi jikoni nikalia kwa hasira.

Juzi nilimwambia Guyo kwamba kazi ile ilikuwa yangu. Akanitazama kwa huruma. "Talaso, Aba mwenyewe alisema ameunda yeye. Sasa unaita mzee muongo, na kaburi bado mbichi?" Hivyo ndivyo ulivyoniacha. Nikisema ukweli, namtukana marehemu.

Hilo ningelimeza. Linalonikaba ni chuma.

Mbele ya kiti cha abiria kuna kile chuma cha kushika. Nilikuomba nacho nikikwangue rangi, kwa sababu kwenye gari la kweli kilikuwa kimesuguliwa hadi kikawa cheupe. Hukugeuza hata kichwa. "Wacha hiyo. Hapo hakukuwa na mtu."

Hakukuwa na mtu! Nilikuwa na miaka minane, Aba. Mama alikuwa mgonjwa na kila likizo ulinichukua, nikakaa hapo na sanduku la chanjo katikati ya miguu isiyofika chini, mikono yote miwili kwenye chuma kile. Kila tulipotumbukia kwenye laga, korongo la mto mkavu, ulipiga kelele, "Shika chuma, Talaso!" Nimekishika hadi Garbatulla na kurudi, viganja vinanuka chuma mpaka usiku wa kulala. Tukikaribia kizuizi cha polisi ulinisukumia chini ya turubai, kwa kuwa gari la serikali halikuruhusiwa kubeba mtoto. Nilielewa. Nilitulia huko chini bila kukohoa, najivunia siri yetu. Lakini hapa chumbani, umeshastaafu, afisa hayupo, kizuizi hakipo, ulikuwa unanificha asinione nani?

Nakuombea kila sala, na nikimaliza kuomba hasira naikuta palepale nilipoiacha. Nafikiri uliogopa watu watasema mikono ya mzee imekwisha. Hata hilo ningekufichia. Ungeniomba tu.

Chupa ya Oldonyiro bado ina robo. Nakuahidi, Ijumaa haitafika kabla vumbi lako halijarudi, na nyuma nitaongeza, kama ulivyotaka. Kiwiko chako kitabaki mlangoni. Guyo akinuna, anune. Nitamwambia kwamba gari safi ni la mtu ambaye hajafika popote, na baba yetu alifika kila mahali. Hilo nakupa, kwa sababu ni kweli.

Ila chuma nimeshakikwangua, leo asubuhi, kwa ncha ya wembe. Kimetoka cheupe kabisa. Nikishalirudishia vumbi, ukiacha pale pa kiwiko chako hakuna kitu kingine kitakachong'aa kwenye gari zima, na Guyo ana mazoea ya kuuliza kila kitu. Atauliza nani alikuwa akishika hapo.

Kwaheri, Aba. Mungu akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Guyo akiuliza nitamjibu, mbele ya hao wazee wake, kwa jina langu. Na safari hii huwezi kunisukumia chini ya turubai.

Mwanao,
Talaso