Siku Moja Iliyobaki Kwenye Kadi Yako

Barabara ya Ferndale,
Kissimmee, Florida.
19 Juni 2023

Mpendwa mdogo wangu Denton,

Hujambo huko Alaska? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti ulilolitaja kwenye kadi yako ya Krismasi limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Joto limeshika kweli kweli, mvua inakuja kila siku baada ya chakula cha mchana kana kwamba imeajiriwa, na fuko wameuharibu uwanja wangu wote wa mbele. Nimeacha kupigana nao.

Binti yangu Maribeth amemaliza masomo ya uuguzi na sasa anafanya kazi zamu za asubuhi. Anakusalimu sana, ingawa hajawahi kukutia machoni. Ameweka ile picha yako ya samaki mkubwa kwenye mlango wa friji, na watu wakiuliza huyu nani, anawaambia ni mjomba wake anayeishi kwenye barafu.

Mwaka huu nimepata maboga mengi kuliko tunavyoweza kula. Ukiniona ninagawa maboga kanisani, usidhani nimekuwa mkarimu.

Sasa habari za Baba. Valvu moja ya moyo wake imechoka. Atafunguliwa kifua mwanzoni mwa Agosti. Daktari hakutuzungusha: alisema kwa mtu wa miaka themanini na sita, anaweza kutoka salama na anaweza asitoke. Baba alimsikiliza kama anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa, akamshukuru, akauliza kama anaruhusiwa kula karanga za kuchemsha. Hakuruhusiwa. Hilo ndilo lililomuudhi.

Tulipofika nyumbani akaniambia anataka jambo moja kabla ya Agosti. Anataka kuingia Cypress Crown, akaone mahali shamba lilipokuwa.

Labda huko hamkusikia, lakini ile bustani yao ya michezo ilipopanuliwa, waliipeleka hadi kwetu. Pale tulipokuwa na machungwa sasa kuna mlima wa saruji ambao watu hupanda kwa vigari na kushuka wakipiga mayowe. Baba hajawahi kuuona kwa karibu. Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia nitamlipia, naye ana jibu lake moja tu: “Nilipe kiingilio kuingia shambani kwangu? Labda nikiwa nimerukwa na akili.” Shamba ameliuza mwenyewe, pesa ameipokea, nyumba hii ninayokaa ameinunua kwa pesa hiyo, lakini bado ni shambani kwake. Sibishani naye tena.

Ndipo ikanijia kadi yako.

Huhitaji kukumbushwa, lakini nitakukumbusha, maana sijui unakumbuka nini. Zile kadi nne za kuingilia Cypress Crown, moja kwa kila mmoja wetu, zilikuwa na siku tano tano na hazikuwa na mwisho wa matumizi. Tulitumia siku moja kila mwaka, lori la mwisho la machungwa likishaondoka. Baba hakutaka siku nyingine yoyote. Mwaka baada ya baridi ile iliyoua miti hakukuwa na lori, ila tulikwenda hivyo hivyo, na pale kwenye maegesho, hata hatujafunga milango ya gari, akatuambia kwamba ameshatia saini, amewauzia. Alisema kama mtu anayetoa zawadi. Wewe ulikuwa umeshachora mistari ya miche mipya. Ulimpa Mama kadi yako, ukatembea hadi barabara kuu, na hatujakuona tena.

Sisi tuliingia. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu sandwichi zilikuwa zimeshatengenezwa. Basi kadi zetu zikaisha siku ile, na yako ikabaki na siku moja.

Mama aliitunza mpaka anakufa. Unavyomjua, kutunza tu hakukumtosha. Aliipeleka ofisi ya kanisa akaivalisha plastiki kwa ile mashine yao ya moto, ile wanayotumia kwa kadi za mistari ya Biblia za watoto. Ikawa inang'aa na ngumu kama kigae. Kila familia hapa ina kadi kuukuu kwenye droo fulani, na nina hakika kila familia ina mtu aliyeiharibu kwa kuipenda.

Maribeth alipiga simu kuuliza. Akaambiwa kadi za zamani bado zinafanya kazi, na kwa kuwa hizo hazikuandikwa jina, anayeishika ndiye anayeingia. Nikamwambia Baba kwamba Denton ana siku pale, haitumiki, itumie wewe. Akasema, “Haya.” Ningepaswa kushuku hapo hapo. Baba hajawahi kukubali jambo kwa neno moja.

Tulikwenda Jumatano iliyopita. Alivaa shati la kanisani na kofia yake ya majani, akakataa kiti cha magurudumu. Mimi nina kibali changu cha mwaka, kile wanachotuuzia sisi wenyeji, nacho huwapelekea watoto wa shule ya Jumapili. Kwangu geti lilifunguka. Kwake kadi haikuingia hata kwenye tundu, ilikuwa nene mno. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Kijana wa getini aliigeuza geuza, akauliza, “Mzee, hii ni tiketi au ni ya kuwekea kikombe?”

“Ni tiketi,” Baba akamjibu. “Ni ya zamani kuliko wewe, kwa hiyo iamkie.”

Tukaelekezwa dirisha la huduma kwa wageni. Pale alikuwapo mama mmoja wa Puerto Rico, Yesenia, mwenye miwani ya kamba, mtu mzuri. Aliipokea kadi kwa mikono miwili. Akawaita wenzake waje waione. Hakuikata ile plastiki, alisoma namba kwa juu tu, akaandika kwenye kompyuta, akangoja, akatabasamu.

“Iko hai,” akasema. “Siku moja. Nitawahamishia kwenye kadi mpya. Au mkitaka, thamani yake tunaihesabu kwenye kibali cha mwaka, mnaongezea kidogo.”

Nikasema siku moja inatosha.

“Sawa, dada. Hizi mpya lazima ziwe na jina, na siku ya kwanza ya kuingia tunachukua alama ya kidole. Baada ya hapo haiazimwi wala haiuzwi. Kadi ni ya nani?”

Alimuuliza Baba, si mimi. Na Baba akavua kofia, kama anavyofanya akiitwa kusali mbele ya watu, akasema, “Denton Royce Purvis.”

Nikamkanyaga mguu. “Baba, ni wewe unayeingia.”

“Najua nani anaingia. Ameuliza kadi ni ya nani.”

“Sema Elwood. Sema jina lako, twende zetu.”

“Twyla, mama, mimi ni shemasi. Nitamdanganya huyu mtoto wa watu mchana kweupe?”

Nilimwambia si uongo, ni utaratibu. Yesenia alikuwa akituangalia sote wawili. Akavua miwani.

“Mzee wangu, nisikilize vizuri,” akasema. “Bado sijabonyeza. Nikiandika Denton, basi Denton ndiye ataingia na kidole chake. Wewe hutapita nayo leo, wala kesho. Nikiandika Elwood, unapita sasa hivi. Mimi sioni kosa. Nani huyo Denton?”

“Mwanangu. Yuko Alaska.”

“Anakuja lini?”

Baba akasema hajui. Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, na mimi nikageuka kuangalia rafu ya ramani. Sikutaka kumwona usoni. Watu walikuwa wakipita na mabaluni.

Kisha akasema, “Andika Denton. Nikiitumia mimi, akija atakuta nini?”

Yesenia akabonyeza.

Nilikasirika, sikufichi. Nimeendesha gari kwenye jua lile, nimemtayarisha, nimeomba ruhusa kwa daktari, na lango liko hatua chache. Nikamwambia basi nitakununulia tiketi ya leo, acha ukaidi. Akanijibu lile jibu lake la kiingilio na shamba, neno kwa neno. Yesenia akacheka mpaka akajifuta macho, akasema babake huko kwao Ponce naye ni vivyo hivyo, angekaa nje ya mbingu akibishana bei.

Kwa hiyo tukafanya wanavyofanya wenyeji wasiotaka kutoa kitu. Tukapanda kile kitreni cha bure kinachozunguka kutoka maegesho hadi hotelini, kiyoyozi kizuri, hakuna anayekuuliza tiketi. Upande wa kaskazini kinapita karibu na uzio, na kwa muda mfupi unauona ule mlima wa saruji. Tulizunguka mara kadhaa. Kila tulipofika pale alisogea dirishani.

“Pampu ilikuwa pale,” akasema mara ya kwanza. “Pale penye choo.”

Mara nyingine akasema wameinua ardhi, maji yatawasumbua upande wa mashariki, palikuwa na bonde pale na wewe ndiye uliyeligundua ukiwa bado mwanafunzi. Akamweleza hayo mama mmoja wa kutoka Ohio aliyekaa kiti cha mbele akitaka tu kufika kwenye bwawa la hotelini. Mama wa watu akaitikia kwa adabu.

Mzunguko wa mwisho aliufuata mlima kwa macho mpaka ukapita. Halafu akasema, “Ilifaa nimuulize Denton kwanza. Shamba lilikuwa langu, lakini ilifaa nimuulize.”

Hakuwa akiongea na mimi. Ninakuandikia tu kama nilivyosikia, kwa kuwa sidhani atakuandikia yeye, na kwenye simu unajua alivyo, huuliza hali ya hewa kisha anampa mwingine.

Kadi mpya nimeitia humu ndani. Yesenia alisema inaweza kutumwa kwa posta bila shida, maana haimfai mwizi yeyote mpaka kidole chako kiguse. Ile kuukuu yenye plastiki aliturudishia pia, na Baba ameiweka kwenye mfuko wa shati. Nimeshaitoa mara mbili kabla ya kufua.

Sikuandiki ili nikulaumu wala nikubembeleze. Una kazi yako, una nyumba yako, na nauli ya kutoka huko ni ya kutisha. Wewe ni mtu mzima, utaamua. Nimeona tu kwamba haifai siku yako kuhamishwa huku bila wewe kujua.

Kuhusu mengineyo, paa tumelibadilisha kabla ya msimu wa vimbunga. Binamu Lurlene ameolewa tena, mara hii na mtu wa bima, na kila mtu anasema huyu afadhali. Ule mlimau wa nyuma, uliopandikizwa na wewe, tuliouhamisha kutoka shambani, umezaa mwaka huu matunda madogo yenye maganda manene, lakini juisi ipo.

Nisalimie mkeo Inga na umwambie zile soksi za sufu alizomtumia Baba anazivaa hata katika joto hili, hatumwezi. Wasalimie majirani zako wale wenye mbwa. Maribeth anakusalimu tena, Lurlene anakusalimu, mchungaji Stroud naye anauliza habari zako kila anaponiona. Mungu akulinde kwenye barabara zenu hizo za barafu, na akupe usingizi mzuri katika jua lisilozama.

Ni mimi dada yako, nisiyekuandikia mara kwa mara lakini ninayekupenda siku zote,

Twyla

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Maribeth amepita hapa akitoka kazini akaniambia jambo ambalo Baba alimkataza asiniambie. Jana, nilipokuwa kanisani, Baba alimwomba amnunulie tiketi ya Cypress Crown kwa simu. Amelipa bei kamili, kwa pesa yake mwenyewe. Eti, “Usimwambie mama yako, atanicheka mpaka niingie chumba cha upasuaji.”

Sijacheka. Siku hizi hawauzi tena tiketi kama zile za zamani. Unachagua tarehe, na tarehe ikipita tiketi imekufa. Maribeth alimwonya, akamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika, na akachagua Jumamosi ya mwisho ya Julai, kwa sababu Alaska ni mbali na barua huchelewa.

Kadi yako itakuingiza siku yoyote utakayotaka, hata ukija mzee. Ya Baba ni ya Jumamosi hiyo tu. Njoo, Denton.