Mdudu Anayechechemea

9 Aprili

Mwanangu Nusu Fundi,

Salamu nyingi kutoka kwenye meza ileile yenye makovu ya moto. Hali yangu ni njema. Hali ya duka pia ni njema, maana siku hizi redio zikiharibika watu wanazitupa, na mwokotaji ni mimi. Wewe je? Kikohozi kimekuachia?

Nakuandikia kwa sababu simu yangu imekufa. Usihangaike kupiga. Barua haikatiki mtu akiwa katikati ya neno.

Nimeanza kutengeneza mdudu mpya, wa kumi na mbili huyu. Mota zake mbili nimezitoa kwenye redio kaseti, miguu ni spoku za baiskeli, na mgongoni atabeba kile kioo cha kikokotoo kinachokula mwanga. Hana betri wala kompyuta, kama ndugu zake kumi na mmoja. Akipata jua ataamka mwenyewe aanze kutembea. Nitachelewa kummaliza, na usiniulize kwa nini.

Mtihani wako ni Agosti. Mara ya kwanza uliacha masomo ukaja kumuuguza mama yako, na ilikuchukua miaka minne kurudi darasani. Safari hii usije nyumbani kwa lolote mpaka umalize. Nasema lolote.

Baba yako.

22 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha, ninalalamika tu kuhusu chakula cha bweni. Wewe umesema hali ni njema ukanyamaza. Unakula? Unalala? Ngazi za duka bado unazipanda mbilimbili kama mtu anayefukuzwa?

Na hiyo simu yako, jamani. Fundi wa miaka thelathini na minane kazini, simu imekufa na hujaifufua? Nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kama nimepata barua ya mchumba. Nimempigia fundi cherehani, jirani yako wa mlango wa pili. Kasema hujambo, halafu kasema ana mteja, akakata. Mambo gani hayo?

Huku tunafundishwa kutengeneza zile pampu zinazompa mgonjwa dawa tone kwa tone. Mwalimu hupima kila kitu kwa mashine. Nilimwambia kwamba baba yangu hupima mota kwa sikio, kwamba mguu mmoja ukichelewa anasikia kabla hajaona. Alicheka. Mimi sikucheka naye.

Mlete huyo wa kumi na mbili. Nimekukumbuka sana, baba, na sioni haya kusema.

Binti yako, Nusu Fundi.

2 Juni

Mwanangu Nusu Fundi,

Marahaba. Nafurahi kikohozi kimeondoka. Mimi nipo. Nakula, nalala, na ngazi bado ziko palepale zilipokuwa.

Mdudu umempata pamoja na barua hii. Nimemfungia kwenye pamba usije ukanilaumu mimi kwa makosa ya posta. Mweke dirishani asubuhi, jua likiwa limetulia, halafu vuta kiti ukae. Usimwangalie huku unakunywa chai na kusoma. Mwangalie tu anavyotembea, kwa muda. Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Nilichotaka kukwambia kimo mwilini mwake.

Ukishamwangalia, niandikie umeona nini.

Baba yako.

14 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo, na asante. Amefika mzima, hata spoku moja haijapinda.

Nimeona nini? Nimeona fundi mkuu kateleza! Mdudu wako anachechemea, baba. Mguu wa kulia unakwenda vizuri, wa kushoto unakuja nyuma ukiburura. Darasa zima lilikuja kumtazama, wakamwita Mzee wa Mkongojo, nami nikaona aibu kwa niaba yako. Nikamfungua. Rizista inayobana umeme upande wa kushoto ni kubwa karibu mara mbili ya ile ya kulia, ndiyo maana mguu unachelewa. Hiyo mistari ya rangi inayoonyesha ukubwa wake ni midogo, nunua miwani tafadhali, usinitie wasiwasi. Nimeweka rizista nyingine, nikanyoosha na unyayo uliokuwa umegeukia nje. Sasa anatembea kama askari wa gwaride. Hata mwalimu kasifu.

Mwanafunzi kamrekebisha mwalimu wake. Utaniacha nijisifu kidogo?

Binti yako, Nusu Fundi.

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili. Uliona kosa ukaliondoa, na ndiyo kazi niliyokufundisha. Kwa hiyo neno nusu nalifuta leo. Wewe sasa ni fundi.

Mimi nipo. Soma.

Baba yako.

3 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali yako, kwa sababu naijua.

Jana tulipelekwa hospitalini kukagua mashine. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya kitanda, nimeshika bisibisi, nikasikia mtu anakuja kwenye korido. Tak, halafu kimya kidogo, halafu unyayo unaburura sakafuni. Tak, kimya, unaburura. Baba, niliijua ile hatua. Nilimsikiliza mdudu wako kwa siku mbili kabla ya kumfungua. Nikatoka chini ya kitanda, nikamwona mzee mmoja ameshikiliwa na muuguzi. Amepooza upande wa kushoto. Nikamsalimia, akajitahidi kujibu, ulimi ukawa mzito. Ndipo nikaelewa na habari ya simu yako iliyokufa.

Wewe unayesikia mota ikichelewa hata kwa nukta, ungewekaje rizista isiyo yake bila kusikia? Uliniambia nikae nimwangalie. Mimi nikaita wenzangu tukamcheka, halafu nikakufuta wewe na kukutia gwaride. Nisamehe. Nimelia sana na sijui nitaacha lini.

Ile rizista sikuitupa. Nimeirudisha mahali pake, unyayo nao nimeugeuza tena kama ulivyokuwa. Anachechemea vilevile.

Nilitaka kuondoka leo. Lakini umebeba ugonjwa wako kimya miezi yote hii ili nifanye mtihani huu, basi nitaufanya. Unaisha tarehe 12. Nitapanda basi siku hiyohiyo na tarehe 14 nitakuwa mlangoni. Fundi cherehani sijamwambia kwamba najua. Wewe ulinieleza kwa mkono wako, nami nataka uyasome haya kwa mkono wangu. Nisubiri.

Binti yako, Nusu Fundi.

15 Agosti

Baba yangu,

Naandika nikiwa kwenye kiti chako. Meza nimeifuta vumbi, makovu ya moto nimeyaacha.

Nilipotoka kwenye mtihani tarehe 12, simu ililia. Alikuwa fundi cherehani. Akaniambia umefariki siku mbili nyuma, asubuhi, ukiwa umekaa hapa. Nilimfokea kwa nini hakunipigia siku ileile. Akasema ulimwapisha: likitokea lolote, binti yangu amalize kwanza. Sasa nalijua lile lolote lako. Walinisubiri, na tumekuzika jana jioni.

Amenisimulia yote. Kwamba mdudu yule ulimtengeneza kwa wiki sita kwa mkono mmoja, yeye akikushikia nyaya kwa kibanio chake cha kushonea. Kwamba ulikuwa ukitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, ukirudi mezani unabadilisha rizista, unasikiliza, unaitoa, unatembea tena, mpaka hatua zake zikawa zako. Yeye alikuwa akikusihi uniandikie tu kwamba unaumwa. Ulimjibu, "Mwanangu atajua."

Sikujua, baba. Nilikuja kujua nikiwa nimechelewa.

Barua yangu nimeikuta chini ya mlango wa duka. Ililetwa tarehe 11. Umeondoka ukiamini kwamba nilikutazama nikaona kosa la fundi asiye na miwani. Ningemwambia fundi cherehani kwa simu maneno mawili tu, mwambie nimeelewa, ungeyapata siku ileile. Sikumwambia, kwa sababu nilitaka kuandika vizuri. Hili nitaishi nalo. Barua sijaifungua. Ni yako, nimeiweka kwenye droo ya bisibisi.

Mtihani nadhani nimefaulu.

Lile neno ulilolifuta, nalirudisha. Fundi kamili angesikia.

Asubuhi hii jua lilipoingia nilimweka mezani, upande ule wa ukuta. Akaamka, akaanza kuja upande wa mlango, tak, kimya, akiburura. Nilivuta kiti nikakaa, bila chai wala kitabu. Ilimchukua muda mrefu sana kuvuka. Nilimsubiri mpaka akafika.

Binti yako,
Nusu Fundi.