Suruali ya Mganga Mkuu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kazi inakwendaje, na huo mgongo umeacha kukusumbua? Sisi huku tu wazima. Mama alisema nisikutumie salamu zake mpaka utakapokumbuka kupiga simu, kisha akarudi mlangoni akasema basi nitume, ila ziwe chache. Saluni yangu inakwenda vizuri. Wateja hawapungui, na umbea nao haupungui.

Nakuandikia kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema kwenye simu, hasa simu yako, ambayo siku hizi anaipokea wifi.

Unajua kwamba mdogo wetu Injinia alizidiwa tena. Zile sauti anazozisikia zilimkataza kula na kulala, tukamrudisha hospitali. Safari hii kilichomchoma Mama ni suruali. Kwenye wodi ile wanaume wote huvalishwa suruali za saizi moja, pana kama mapazia. Hazina kamba kwa sababu kamba ni hatari kwa mgonjwa, na hilo tunalielewa. Lakini hata mpira wa kiunoni hazina, kwa hiyo watu wazima wanashinda wameshikilia viuno vyao. Tulipokwenda kumwona, tukasimamishwa nje ya wavu kama kawaida, Injinia alituambia, "Mama, usione sikupungii mkono ukadhani nimekusahau. Nimeshika suruali."

Mama alilia njia nzima. Kufika nyumbani akajifuta machozi, akakaa kwenye cherehani, akashona suruali yenye mpira na kuipeleka kesho yake. Mganga mkuu akamwambia kuwa sare hubadilishwa kwa utaratibu. Mama akauliza huo utaratibu unakaa ofisi gani ili aufuate. Akaonyeshwa mlango.

Unamjua mama yako. Alikaa kwenye benchi la getini akawa anamsimamisha kila ndugu wa mgonjwa anayepita. Akampata dereva teksi ambaye mkewe amelazwa, akampata mwalimu mstaafu ambaye mwanawe anaingia na kutoka humo tangu ujana. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Walipoanza kusimuliana, yakatoka makubwa kuliko suruali: dawa zinakwisha na hakuna anayeambiwa, wagonjwa wanafungwa vitandani, ndugu wakiuliza wanaambiwa wanasumbua. Hata muuguzi wa wodi alitunong'oneza tusichoke, maana yeye huachiwa wodi nzima peke yake, na mtu mmoja hana mikono ya kumtuliza kila mtu.

Basi ikazaliwa kamati, na mwenyekiti ni Mama. Walikutana saluni kwangu kwa kuwa ndiko kuna viti. Mwalimu mstaafu alichagua kile chenye kofia ya kukaushia nywele, na hoja zake zote tukazisikia kama zinatoka kisimani. Wateja wangu walikataa kuondoka hata baada ya kusukwa.

Baada ya kwenda na kurudi sana tukapewa kikao kwenye ukumbi wa hospitali. Mama akashikilia kwamba wagonjwa nao wawepo, kwa kuwa hakuwa tayari kumjadili mwanawe kama kochi linalotafutiwa fundi.

Siku yenyewe mganga mkuu alianza kwa kusema suruali ni jambo dogo. Mama akafungua mkoba, akatoa suruali ya wodini, akamwomba aivae juu ya yake mpaka chai iishe. Yule bwana anajisikia kidogo lakini si mtu mbaya. Alicheka, akavaa, akapewa kikombe. Hapo ndipo akaingia mkubwa kutoka makao makuu, ambaye wote tulikuwa tunamsubiri, mkono ameunyoosha mbele. Mganga mkuu alikuwa na chai mkono mmoja, suruali mkono wa pili. Nilimwona anavyohangaika kuamua. Akauchagua mkono wa mkubwa. Suruali ikashuka mpaka viatuni.

Injinia, aliyekaa mbele, akasema kwa upole kabisa, "Pole, daktari. Siku za kwanza ni ngumu. Utazoea."

Kaka, watu walicheka! Mganga mkuu mwenyewe alicheka mpaka chai ikamwagika. Kicheko kilipotulia, Injinia akasimama, kiuno amekishika, akaeleza jinsi alivyofungwa kitandani kwa sababu aligoma kumeza kidonge kabla ya kuambiwa ni cha nini. Akasema, "Kichwani nina sauti nyingi zinazonisemesha. Nilitaka moja tu ya nje inijibu." Hakuna aliyecheka tena. Mkubwa aliiweka kalamu chini akamtazama.

Sikudanganyi kwamba yote yamenyooka. Dawa bado zinakatika mara nyingine, ila sasa tunaambiwa mapema tukahangaike. Suruali zimetiwa mpira, na wauguzi wameongezwa. Hafungwi mtu bila daktari kuitwa na mtu kukaa naye. Wavu umeondolewa, tunaingia ndani tunakaa naye. Injinia anasema sauti zipo, lakini zimepungua kama redio ya jirani.

Sasa vuta pumzi. Kule nyuma ukumbini alikaa mzee mmoja mwenye miwani myeusi na kofia iliyoshuka mpaka nyusini. Nilidhani ni mwandishi wa habari. Watu walipocheka, miwani ikamdondoka, nikaona ni baba mkwe wako! Mimi nikajificha nyuma ya dereva teksi. Yeye akageuka kuusoma ukuta usio na maandishi. Mama akamwendea moja kwa moja, "Mkwe, karibu, mbona umekaa mbali?"

Tangu harusi yenu umekuwa ukiwaambia wakwe zako kwamba Injinia ni baharia. Nao walituambia shangazi yake wifi yuko ng'ambo anasoma. Kaka, shangazi huyo yuko wodi ya wanawake, ng'ambo ya uwanja tu. Mkwe akamuuliza Mama meli imetia nanga lini; Mama akamuuliza masomo yanaendeleaje. Walicheka wameshikana mikono, kisha wakalia, kisha wakaomba chai nyingine. Sasa yeye ndiye katibu wa kamati.

Ameapa kwamba Jumapili atampigia wifi na kumweleza yote, ya kwake na ya kwetu. Kwa hiyo nyinyi wawili mnaokaa sebule moja, kila mtu na siri yake, mna mpaka Jumapili. Ukimtangulia utakuwa mume mwema. Ukichelewa, mimi simo.

Wabusu watoto. Injinia anakusalimu sana, na anauliza unakuja lini. Wifi naye msalimie kwa dhati, ila kabla hujampa salamu zangu, mwambie aketi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Msusi