Jeshi la Bluu la Magesa

Jumapili, 4 Mei
Magesa kaja baada ya misa kama kawaida, jeshi lake la bluu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Langu jekundu nilishalipanga. Miaka kumi na tisa tunacheza hii vita ya mezani aliyotuachia mwalimu mmoja mzungu. Kila kipande kinampa adui mgongo, cheo chake unakiona wewe tu. Anayekamata bendera ya mwenzake kashinda.

Kanipiga. Mara ya tatu mfululizo. Bendera niliificha kona, mabomu pande zote, kaifikia tu. "Mafuru, wewe jemadari wa dagaa!" Mke wangu kacheka mpaka akaweka sufuria chini. Imeniuma. Mimi niliyemrudisha nyuma kiboko kwa kasia pale kisiwa cha Rukuba!

Jumanne, 6 Mei
Kwa kinyozi, Iringo. Wakaniulizia Afande Magesa. Nikasema, afande gani? Jeshini alikuwaga mpishi. Vitani alishika mwiko. Risasi ya kwanza ilivyolia akaingia kwenye sufuria la ugali. Nimetunga palepale. Kinyozi alizima mashine, anacheka. Nilijisikia vizuri. Vizuri sana.

Jumapili, 11 Mei
Magesa hajaja. Nimengoja mpaka saa kumi. Simu hapokei.

Mke wangu ndiye kaniambia. Alhamisi Magesa alikuwa stendi ya Bunda, anaenda msibani, kavaa suti. Konda mmoja, ananyolewa palepale Iringo, akapaza sauti, "Afande Mwiko, panda!" Basi zima likacheka. Hakupanda. Mke wangu akauliza hilo jina limetoka wapi. Nikachukua ndoo, nikatoka kuchota maji.

Paja la kushoto la Magesa lina kovu la risasi. Nimeliona mara ngapi tukioga ziwani. Mpishi gani.

Jumatano, 14 Mei
Nimerudi kwa kinyozi. Katikati ya kunyolewa nimesimama nikasema nilidanganya, Magesa alipigana, kovu analo. Wakacheka kuliko siku ile. "Anko leo kaja na mpya!" Nikaapa kwa marehemu mama. Kinyozi akasema, "Hata ile ya kiboko uliapaga."

Nimetoka kichwa nusu hakijanyolewa.

Ijumaa, 16 Mei
Butiama, kwa Magesa. Nimemkuta anamenya mihogo. Nimemwambia yote, hata la sufuria. Amesikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi. Hakunitukana. Bora angenitukana.

"Karibu chai, mgeni."

Mgeni. Mimi.

Nikamwambia nitaenda Bunda, nitasimama stendi, nitasema mbele ya watu wote. Akasema, "Watacheka tena, Mafuru. Wewe utarudi kwako Kamunyonge. Mimi nitabaki Mwiko."

Akaingia ndani, akatoka na lile kopo. Akaniwekea mapajani. "Chukua. Mpishi hana jeshi."

Chai sikuimaliza.

Jumapili, 18 Mei
Nimeenda misa. Nimerudi, nimepanga yote mawili. Jekundu huku, bluu kule kwa Magesa. Bendera yake nimeificha mwenyewe. Nikahamia kiti chake, nikasogeza mmoja. Nikarudi kwangu.

Najua kila bomu lilipo. Najua kila cheo. Hakuna cha kutafuta.

Mke wangu kauliza atenge chai ya wangapi. Nimesema ya mmoja. Upepo wa ziwa umeangusha askari wawili wa bluu. Nimewasimamisha, nikakaa.