Jumatatu za Devkaran

Jumatatu, 14 Oktoba 2019

Salamu, daftari langu. Hujambo? Mende hawajakutafuna? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Devkaran karudisha mkebe wa chakula mtupu. Tena umeoshwa! Miaka kumi na moja tunaishi kama mke na mume hapa Kanpur, sijaona mwanamume huyu akigusa sabuni ya vyombo. Nani kauosha? Jumatatu iliyopita vilevile. Na jioni kaonja tu—ati kashiba. Kashibia wapi?

Nimenusa shati lake. Grisi ya mota anazotengeneza, basi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemweleza Chameli. Ni mwanamume mwenye moyo wa kike kama mimi, kothi mwenzangu, na haya mambo anayajua. Hakupepesa jicho. "Shoga, una mke mwenza. Mkebe haujioshi."

Sikushona blauzi hata moja ya wateja.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo nimefunga kwa ajili yake, kama wake wote mtaani wanavyofunga kwa ajili ya waume zao. Hata maji sijanywa. Nimemwombea umri mrefu—huku namtazama kwa pembe ya jicho. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemfuata hadi karakana! Nimejificha nyuma ya mkokoteni wa mapera. Saa sita kampa mlinzi chakula chote—bamia niliyomkaangia alfajiri! Kisha kachutama bombani, kaosha mkebe mwenyewe. Anasugua hadi pembeni, kama mimi.

Mke mwenza hayupo. Mbona basi sijatulia?

Jumamosi, 2 Novemba

Nilikuwa natafuta bisibisi kwenye sanduku lake la vifaa. Chini ya waya—kijitabu cha nadhiri ya Jumatatu kumi na sita. Kile cha wasichana! Wanafunga na kumwomba Mungu Shiva awape mume mwema. Kumi na tano zimetiwa alama kwa penseli.

Chameli kacheka hadi kakaa chini. "Mumeo anatafuta mume! Wake wawili nyumba moja—mtungi wa gesi nani ataupandisha ngazi?"

Sikucheka. Kama anaomba mume, mimi ni nani wake? Na huyo mume ni nani? Yule mlinzi anayelishwa bamia zangu?

Jumatatu, 4 Novemba

Ya kumi na sita. Karudi kutoka hekaluni na sadaka ya nadhiri, unga uliovurugwa kwa samli na sukari guru, kaniwekea fungu langu. Nikamtupia kijitabu. "Unaomba mume gani wewe? Mwanamume mzima!"

Hakukana. Kakaa ukingoni mwa kitanda, kucha nyeusi.

"Huyuhuyu niliye naye. Nilitaka siku moja anishike kichwa tu. Mama alipokufa uliniambia nijikaze kiume, Banwari."

Kweli nilimwambia. Chameli na wenzake walikuwapo. Niliona haya mume wangu alie mbele yao, waseme nimeolewa na mwanamke mwenzangu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niwe mume?" nimemuuliza. "Na bangili zangu hizi?"

"Sijui. Sikujua nimwombe nani mwingine."

Kaingia bafuni. Bomba liko wazi, lakini simsikii akijimwagia maji. Analia? Au ananipima? Na mlinzi je—mbona hakunitajia mlinzi?

Nimesimama mlangoni, kalamu mkononi. Nibishe hodi? Nikibisha, niseme nini? Daftari langu, miaka yote hii nakuambia mimi tu. Leo nijibu. Upesi, kabla hajafunga bomba.