Risasi za Juani

Jumanne, kambini ng'ambo ya Kivukoni

Mashine haikuwa na kosa, wala mimi. Leo kila mtu kambini ameona.

Tangu juzi mzee Mbaruku, mwindaji wetu mkuu, ananilaumu kwamba naiweka vibaya mashine ya kupima kasi ya risasi. Asubuhi inasoma chini, mchana juu. Alisema ikiyumba tena, narudi kufyeka njia. Mgongo wangu hauwezi tena panga, na kwetu Kwimba ni mbali kurudi mikono mitupu.

Nyati nao walinitia hofu. Mgeni tunayemwindisha anataka kupiga kutoka mbali. Asipoijua kasi, risasi inapiga pasipotakiwa, halafu sisi ndio tunaomfuata mnyama mwenye jeraha kwenye matete.

Mchana nikaokota risasi juu ya boneti ya gari, zikaniunguza vidole. Nikasema, "Mzee, tujaribu na zile zilizobaki hemani."

Lukasi, mfuata nyayo wetu, akacheka. "Msukuma anataka risasi zipumzike kivulini kama ng'ombe wake!"

Mgeni akapiga tano za boneti. Kasi juu. Akapiga tano za hemani, zikarudi karibu kabisa na namba za asubuhi. Tukarudia, ikawa vilevile. Kumbe ni jua: baruti ikipata joto, risasi inakimbia zaidi.

Mzee akavua kofia. "Shija, nilikuonea." Mbele ya mgeni! Lukasi akajifanya anafunga kamba za viatu.

Boksi la risasi nimekabidhiwa mimi, nilitunze kivulini. Mzee mwenyewe akilitaka, ataniomba.